Bloa ya Baba na Sauti ya Bibi Somoe

Mwezi wa saba ukishika kasi, kijiji chote cha Mnyambachi hunuka salfa. Mashati yananuka, mashuka yananuka, hata uji wa asubuhi ukiusogeza puani utadhani umekorogewa chini ya mkorosho. Ndio wakati mikorosho inachanua, na mkulima asiyepuliza dawa wakati huo ajue kabisa kwamba ugonjwa wa ubwiri unga utamlia maua yote, na msimu ukifika ataokota majani.

Yuster, msichana wa darasa la sita, alikulia ndani ya harufu hiyo. Baba yake, Ambrosi, alikuwa na bloa, ile mashine ya petroli inayobebwa mgongoni na kurusha unga wa salfa mpaka kileleni mwa mti. Kila alfajiri alitoka nayo umande ukiwa bado majanini, maana umande ndio unaoufanya ule unga wa njano ung'ang'anie maua usipeperuke. Yuster naye alikuwa na ratiba yake: afagie uwanja, achote maji, ampelekee baba chai na mihogo shambani, kisha aoge harakaharaka na kutimua mbio kwenda shule. Hakuwa mvivu hata chembe. Tatizo lake lilikuwa kiherehere. Jambo likimwingia kichwani, mikono yake ilianza kazi kabla akili haijamaliza kufikiri.

Shuleni kwao palikuwa na kompyuta moja ya mezani, zawadi ya wanafunzi wa zamani. Iliwekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya majembe, na ufunguo wa chumba hicho aliuvaa Yuster shingoni kwa kamba ya mkonge, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kiranja wa kompyuta. Wacha basi atembee kifua mbele! Wadogo wa darasa la tatu walimpisha njiani utadhani amebeba funguo za benki.

Mwalimu Gerson, mwalimu wa sayansi, ndiye aliyewafundisha katika klabu ya kompyuta. Chini ya uongozi wake wanafunzi walizunguka kijijini wakirekodi wazee wakisimulia mambo ya zamani, ili Siku ya Wazazi kijiji kizima kije kusikiliza. Kati ya wazee wote hao, aliyetia fora ni Bibi Somoe, bibi yake Uwesu, mvulana aliyesoma darasa moja na Yuster. Alisimulia jinsi wanawake wa uwandani, kule juu mlimani, walivyokuwa wakiteremka bondeni kutafuta maji, wakipanda tena mlima na mitungi kichwani, na katikati ya masimulizi akawa anafukuza kuku waliomsumbua. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kabla ya likizo, Bibi Somoe akafariki dunia. Mama Uwesu, ambaye alikuwa akibangua korosho kiwandani huko Tandahimba, alipata habari akiwa mbali, na alipofika alikuta mazishi yamekwisha. Hakuwahi kumuaga mama yake. Kilichokuwa kimebaki ni ile sauti, na sauti yenyewe ilikuwa mahali pamoja tu duniani: ndani ya kompyuta ya shule. Simu ya Mwalimu Gerson ilikuwa imejaa, akaihamishia humo na kuifuta kwenye simu. Uwesu alimwambia mama yake aje Siku ya Wazazi, asikose, amsikie bibi. Mama Uwesu akaomba ruhusa kazini, akaanza kuhesabu siku.

Ijumaa moja, Siku ya Wazazi ikiwa imekaribia, Mwalimu Gerson alifungua ubavu wa lile kasha la kompyuta ambalo wengi huliita sipiyu. Akawaonyesha vumbi jekundu lililojazana kwenye feni. Aliwaambia vumbi huifanya kompyuta ipate joto na mwisho ikachoka kabisa, kwa hiyo Jumatatu wataisafisha wote pamoja kwa brashi laini, taratibu. Yuster alilisikia neno vumbi. Neno taratibu liliingia sikio hili likatokea lile.

Usiku huo hakulala kwa mawazo mazuri. Brashi? Brashi ya nini, wakati nyumbani kwao kuna mashine inayoweza kupeperusha majani makavu ya shamba zima? Aliwahi kumwona baba yake akitumia bloa tupu, bila salfa, kusafisha chini ya mikorosho kabla ya mavuno, na ardhi ikabaki nyeupe. Aliwaza wenzake watakavyoshangaa Jumatatu wakikuta kompyuta inang'aa kama mpya, na moyo ukamdunda kwa furaha.

Jumamosi, baba yake aliporudi shambani na kujilaza, Yuster aligonga tangi la salfa akalisikia tupu. Akaipakia bloa kwenye baiskeli na kunyata nayo hadi barabarani. Alijua fika kwamba baba hataki mtu aiguse mashine ile. Lakini alijiambia atairudisha kabla baba hajaamka, na jambo lenyewe si la kheri?

Shule ilikuwa kimya. Aliiweka bloa juu ya benchi, akachomoa waya wa umeme, akafungua kasha kama alivyoona mwalimu akifanya. Ili kazi iwe safi kabisa, akachomoa na RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, akachomoa na kebo zilizoingia kwenye diski. Kisha akavuta kamba ya kuwashia. Bloa ikanguruma, kuku wa mwalimu mkuu wakakimbilia porini, na vumbi jekundu likatoka kwenye kasha kama moshi wa tanuri la matofali. Yuster alicheka peke yake. Akaelekeza bomba kwenye kila tundu na kila pembe.

Mwishoni kilipita kitu chembamba cha njano, mara moja tu, kikapotea. Macho ya Yuster yalikiona. Lakini unga wa njano mwezi wa saba Mnyambachi ni kitu gani? Upo hata kwenye kope za watu. Alirudishia kebo, akarudishia RAM, akafunga kasha, akafagia chumba, na baba yake alipoamka bloa ilikuwa pale pale ukutani.

Jumatatu asubuhi wanachama wote wa klabu walijaa chumbani. Yuster alisimama mbele huku anabana tabasamu. Alikusudia kungoja kompyuta iwake, ndipo atangaze jinsi alivyoisafisha. Mwalimu Gerson akabonyeza swichi. Feni ikazunguka, taa ndogo ikawaka, kioo kikabaki cheusi tii. Kisha ndani ya kasha ukasikika mlio: ti, ti, ti. Ukanyamaza. Ukarudia: ti, ti, ti.

Tabasamu la Yuster likayeyuka.

Mwalimu Gerson yeye wala hakushtuka. Kusema kweli, alionekana kama mtu aliyepata mgeni aliyekuwa akimsubiri. Aliwaeleza kwamba kompyuta ikiwashwa, kabla ya jambo lolote, huita mahudhurio kama mwalimu wa darasa. RAM ipo? Kibodi ipo? Diski ipo? Ikikosa kumwona mmoja, hupiga kelele au huandika. Na mlio wa namna ile kwa kawaida ni malalamiko ya RAM. Watoto wakasogea karibu, wakipandiana mabegani. Alipofungua kasha, mwalimu akasita.

"Mbona ndani pamekuwa pasafi? Nani amefanya kazi hii?"

Yuster alihisi macho yote usoni kwake.

"Mimi, mwalimu. Nilipangusa. Kwa kitambaa."

Mwalimu akampongeza, na pongezi ile ilimchoma kuliko bakora. Akachomoa umeme, akachunguza RAM, akaona upande mmoja haukukaa sawasawa. Akaitoa, akaisugua kwa ufutio wa penseli pale kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu, akairudisha na kuikandamiza mpaka vishikizo vikalia tak, huku na huku. Akawasha tena. Mlio mmoja mfupi, na kioo kikawaka. Darasa zima lilipiga makofi, Uwesu akarukaruka, na Yuster akashusha pumzi ndefu. Imekwisha, alijisemea. Hakuna haja ya kusema lolote.

Haikuwa imekwisha. Kwenye kioo yalitokea maandishi meupe ya Kiingereza, mwalimu akayasoma kimyakimya, kisha akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio na kuwaonyesha kwa kidole. Kibodi ilikuwepo. Kipanya kilikuwepo. RAM sasa ilikuwepo. Lakini pale penye nafasi ya diski, palikuwa patupu. Mwalimu alichomoa kebo akazirudisha, akabadilisha tundu, akawasha na kuzima. Diski haikuitikia.

"Kila tulichorekodi kimo kwenye diski," alisema, na safari hii hakutabasamu. "Isipoonekana, hatuna kitu."

Ndipo Uwesu alipojitokeza mbele, kijana yule mcheshi ambaye siku zote ndiye aliyewatania wenzake. Leo sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Ni mimi, mwalimu. Ijumaa nilichelewa madrasa. Sikuizima vizuri. Nilizima ukutani nikakimbia."

Mwalimu alishika kidevu, akatikisa kichwa. Alisema diski ya zamani ikikatiwa umeme ghafla inaweza kweli kuharibika. Hakumgombeza Uwesu, akamshukuru kwa kusema. Lakini Uwesu alirudi nyuma akageukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Ndugu msomaji, Yuster alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale. Aliijua bloa. Aliujua ule unga wa njano. Akimwambia mwalimu kuhusu bloa itabidi na baba ajue, na uongo wa kitambaa utajulikana, na ufunguo utatoka shingoni. Akabaki kimya.

Nyumbani chakula hakikupita. Mama yake alimshika paji la uso akidhani ni malaria.

Kulipokucha mwalimu aliomba usafiri kwenye pikapu iliyokuwa ikipanda Newala kuchukua mifuko ya salfa, akaamua kuipeleka kompyuta kwa fundi wa huko, Fundi Huruma. Alimchukua Yuster kwa kuwa ndiye kiranja, na Uwesu kwa kuwa aliomba kwa machozi. Walilifunga kasha kwa kanga mbili, wakalishika katikati yao kama mgonjwa. Gari lilipoanza kukwea mlima, hewa ikabadilika ikawa baridi, ukungu ukashuka barabarani, na chini kabisa nyuma yao mikorosho ikaonekana midogo kama mboga za bustanini. Siku nyingine Yuster angeshangilia safari ile mpaka sauti imkauke. Siku hiyo alitazama vidole vyake tu. Uwesu aliongea njia nzima. Alikuwa na matumaini, na yule mwenye matumaini huongea sana. Alisema Fundi Huruma aliwahi kufufua redio iliyoliwa na mchwa, sembuse diski.

Fundi Huruma alikuwa mwanamke mwenye sweta nene na miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, na duka lake lilijaa matumbo ya mashine. Watoto walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kwa sababu mikono yake ilishaanza kufungua kanga. Kazi ile aliipenda, ungemwona tu! Alizungumza na kompyuta kama daktari wa watoto. Akamkabidhi Uwesu tochi, akamwambia Yuster ashike skrubu zisipotee.

"Kwanza mniambie," alisema. "Kabla haijaumwa, ilifanyiwa nini?"

Mwalimu Gerson akaeleza kuzimwa ukutani. Akaongeza kwamba ilipanguswa kwa kitambaa tu. Fundi akaitikia kwa kichwa, akaitoa diski, akaipuliza kwa mdomo mara moja na kuiunga na kompyuta yake mwenyewe kwa kebo nyingine. Wote wakakodolea kioo. Kompyuta ya fundi ikaita mahudhurio, ikataja vyote, diski ile haikutajwa. Akaiweka sikioni. Hakusikia hata mnong'ono. Akajaribu tena kwa kebo ya tatu, akasubiri, akakunja uso.

"Imekufa hii. Pole sana, mwalimu. Nitawawekea nyingine, kompyuta itafanya kazi. Vilivyokuwemo, basi tena."

Pembeni palikuwa na boksi la diski mbovu. Fundi Huruma akaitupa humo ile diski, ikalia ngo juu ya wenzake. Uwesu hakulia. Aliuliza kwa sauti ya chini sana kama mama yake anaweza kupigiwa simu asije tena Siku ya Wazazi. Asije bure.

Hapo Yuster hakuweza tena. Alipiga moyo konde, akavua ufunguo shingoni na kuuweka juu ya meza ya fundi, maana alijua utaondoka tu, afadhali autoe mwenyewe.

"Si Uwesu," alisema. "Ni mimi. Niliipuliza kwa bloa ya baba. Nilichomoa kila kitu nikapuliza kwenye matundu yote, halafu nikarudishia. Ilitoka salfa. Niliiona."

Mwalimu Gerson alimtazama kama hamjui. Uwesu alimtazama vibaya zaidi. Lakini Fundi Huruma yeye alishaparamia lile boksi, anatupa diski huku na huku, anaitafuta ile moja.

"Bloa ya mikorosho? Salfa?" Alikuwa anacheka na kuhema kwa pamoja. "Mtoto wewe, kwa nini hukusema tangu mwanzo? Lete tochi hapa!"

Akaipeleka diski mlangoni penye mwanga, akateremsha miwani machoni. Kwenye lile tundu jembamba ambamo kebo huingia, katikati ya vibati vidogo vya kupitishia umeme, palikuwa na utando wa njano, umekandamizwa ukawa mgumu kama ugali uliokaukia sufuriani. Mwalimu Gerson alijipiga kofi kwenye paji la uso. Yeye mwenyewe aliwafundisha darasani kwamba salfa haipitishi umeme! Harufu yake aliisikia Jumatatu alipofungua kasha, lakini nani Mnyambachi atashangaa harufu ya salfa mwezi wa saba? Hata shati alilovaa lilikuwa linanuka. Fundi naye alikiri kwamba aliliona vumbi, akalipuliza kwa mdomo na kupita. Vumbi la kawaida lingetoka. Hili lilitengenezwa ling'ang'anie maua kwenye umande, na Yuster aliporudishia kebo akalishindilia kabisa.

Kazi ikaanza. Fundi alichovya brashi ndogo kwenye spiriti, akasugua kibati kimoja baada ya kingine, akipangusa unga uliotoka kwa kitambaa cheupe kilichogeuka njano. Uwesu alimmulikia kwa karibu. Fundi akasafisha na upande wa kebo, akaikausha, akaikagua tena juani, akasugua tena pembe moja. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kisha akaiunga, akaweka kidole kwenye swichi, akawatazama.

"Haya. Mahudhurio."

Kioo kikawaka. Kibodi, ipo. Kipanya, kipo. Ndani ya diski ukasikika mvumo mwembamba, kama nyuki aliyeamka, na kwenye kioo, pale palipokuwa patupu, likajiandika jina la diski na namba zake. Mwalimu Gerson akapiga meza kwa kiganja. Uwesu akamkumbatia fundi kiunoni, tochi na yote, na mpita njia mmoja akachungulia dukani akidhani timu imefunga goli.

Jambo la kwanza alilofanya fundi ni kunakili kila kitu kwenye flashi, kabla hata ya kurudisha diski kwenye kasha. Alisema kitu unachokipenda kikae mahali zaidi ya pamoja. Halafu akamwita Yuster karibu.

"Mimi nina vifaa vingi vya kupimia, unaviona. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuniambia mtu alifanya nini Jumamosi. Hilo lazima mtu aliseme. Ungenyamaza mpaka mkaondoka, ile diski ingelala boksini, na mimi ningeapa kwamba imekufa."

Yuster aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka, lakini moyo ulikuwa mwepesi.

Wakati wa kurudi, Uwesu hakusema naye mpaka gari lilipoanza kuteremka. Yuster aliomba msamaha mara ya kwanza, hakujibiwa. Akaomba tena. Mwisho Uwesu akamwambia, bila kumtazama, kwamba kesho alete na trekta waje wasafishe saa ya mwalimu. Yuster akacheka huku analia, na Uwesu naye akashindwa kujizuia.

Jioni hiyo Yuster alimweleza baba yake yote. Ambrosi alisikiliza mpaka mwisho huku anasokota kamba ya mkonge. Akasema aliona bomba la bloa lina vumbi jekundu la shuleni, akawa anangoja aone nani atasema. Adhabu ilikuwepo, msidhani haikuwepo: mpaka maua yaishe, Yuster ndiye aliyekuwa anaisafisha bloa kila siku, nje na ndani, kwa brashi, taratibu.

Siku ya Wazazi uwanja ulijaa. Mama Uwesu alifika na vumbi la safari miguuni, akakaa benchi la mbele, mikono imeshikana mapajani. Spika iliwekwa dirishani. Ufunguo sasa ulikuwa shingoni mwa Uwesu, yeye ndiye aliyefungua mlango, lakini alipofika mbele ya kompyuta akamvuta Yuster kwa mkono ili wawashe pamoja.

Sauti ya Bibi Somoe ikatoka, ya mikwaruzo, yenye haraka, ikisimulia mlima na mitungi. Watu wakatulia. Bibi akafika pale penye njia ya mawe, akasema walikuwa wakiimba ili wasisikie uzito, akaanza na kuimba kidogo, halafu akakatiza katikati: "Ishaa! Kuku hawa hawana adabu. Uwesu mjukuu wangu, wafukuze, nimalize kuongea na watu." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama Uwesu alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio, na mtandio ukalowa. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena.

Walipotawanyika, alimwita Yuster. Uwesu alikuwa amekwisha kumwambia kila kitu. Yuster alisimama mbele yake, akamwamkia, akaitikiwa. Mama Uwesu alimshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, kuharibu kitu ukiwa na nia njema, hata mimi nimeharibu vingi. Lakini ulimwacha mwenzako abebe mzigo wako, na hilo lisijirudie. Halafu ukasema, ingawa ulijua utanyang'anywa ufunguo. Ungechelewa kidogo tu, nisingemsikia mama yangu. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kitu kikiwa bado kinatengenezeka."

Yuster aliitikia, naam, mama. Mwalimu Gerson, aliyekuwa anapanga mabenchi, alisikia, naye akasema kwamba klabu itakuwa na sheria moja mpya: kompyuta ikigoma, swali la kwanza litakuwa nani aliigusa na alifanya nini, na anayesema kweli hatachekwa. Kisha akamnyooshea Yuster brashi laini, mpya kabisa, akamwambia Jumatatu ataongoza kazi ya usafi.

Yuster akaipokea kwa mikono miwili. Kutoka chumbani, ambako Uwesu alikuwa ameirudia tena ile rekodi, Bibi Somoe alikuwa bado anawafukuza kuku.